Ubeti wa Shimo la Wazir

Mkokoni nzima ilikuwa ikimwogopa Mwanamkisi binti Ridhwani, na yeye alilijua hilo na kulifurahia. Hakuwa na mali ya kumtisha mtu, wala uganga, wala ndugu wenye mikuki. Alikuwa na ulimi. Kila mwaka wanaume walipomaliza kufyeka makonde yao, na miti iliyoangushwa ikakauka kwa jua la kaskazi, walikusanyika kuimba vave kabla ya kutia moto, maana konde lisiloimbiwa hakuna aliyethubutu kulichoma. Vave ilikuwa shughuli ya wanaume. Wao ndio walioimba, wao ndio walioomba moto usivuke mpaka na mvua isichelewe, na wao ndio waliojisifu asubuhi yake kwa macho mekundu. Lakini beti za kuchekesha, zile zilizotiwa katikati ili watu wasisinzie, zilitungwa jikoni kwa Mwanamkisi akiparua samaki, na mumewe Amini ndiye aliyezipeleka.

Hakumsaza mtu. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekosea hesabu ya siku za mwaka akawapandisha watu mtama wiki tatu kabla ya mvua, alipata beti mbili. Husseini, kijana aliyeshika uongozi wa vave baada ya Amini kufariki, alipata wake kwa sababu ya ndevu zilizokataa kuota, na aliuimba mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyeweza kuifikia ile sauti ya juu.

Ubeti uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa Wazir. Huyu Wazir alikuwa mkulima mrefu, mpole, mwenye konde dogo upande wa pwani, na alichechemea mguu wa kushoto tangu miaka sita nyuma, alipotumbukia katika shimo la kutegea nguruwe ndani ya konde la Mwanamkisi. Watu walimkuta alfajiri, mtama umeiva pande zote, naye yumo shimoni na mguu umevunjika. Alipoulizwa alifuata nini kondeni kwa watu, alisema hajui. Mtu mzima hawezi kuwa hajui alichofuata kwenye mtama wa mwenziwe. Mwanamkisi alirudi nyumbani, akaparua samaki, na kabla wali haujaiva ubeti ulikuwa tayari:

*Si nguuwe, ni Waziri, mikwajuni kwa kisima;*
*konde la Mwanamkisi, alikwendea mtama;*
*shimo lampa salamu, naye hakuweza sema.*

Amini aliuimba mwaka huohuo, na tangu hapo haukutoka. Wanawake waliutwangia mtama, watoto waliurukia kamba, na Wazir mwenyewe, vave ikifika pale, aliitikia pamoja na wenzake. Jambo hilo lilimkera kidogo mtunzi. Mtu akitukanwa anatakiwa anune.

Mwaka wa 1329 wa Hijra ndipo serikali ilipokuja na jambo lake. Mzungu mmoja alikuwa akipita vijiji vya bara na hema, mnyororo wa kupimia na karani kutoka mji wa Amu, akiandika ardhi ipi ni ya nani. Ardhi yenye mazao, minazi au nyumba iliandikwa jina la mwenyewe. Ardhi yenye vichaka iliandikwa kuwa haina mwenyewe, maana yake ni ya serikali, ambayo haijapata kushika jembe hata siku moja.

Sasa konde la Mwanamkisi, alilorithi kwa babake, lilikuwa limelala. Ndivyo walivyolima watu wa huku. Unafyeka, unachoma, unapanda mtama na ndani yake kunde, pojo, ufuta na matango, vyote vinasongamana kama watu sokoni. Mwaka wa pili unapanda tena. Wa tatu udongo ukianza kununa, unauacha, unahamia kwingine, na lile la kwanza linaota msitu miaka saba hata minane mpaka lirudishe nguvu. Konde lililolala lina mwenyewe, kama mtu aliyelala alivyo na jina. Lakini kwao Mzungu, habari zilisema, shamba halilali. Hulimwa mahali pamoja kila mwaka, kwa mistari iliyonyooka, na likichoka hulishwa mavi. Mwanamkisi aliposikia hivyo alisema basi ndiyo sababu wamehama kwao wakaja huku.

Alifanya mzaha, lakini moyo wake haukuwa na raha. Konde hilo ndilo pekee lililokuwa lake. Alilokuwa akilima wakati huo aliazimwa na shemeji yake, na shemeji alikuwa na wana watano wanaokua, ambao kila walipolitazama walipiga hesabu. Miaka miwili zaidi na angelazimika kulirudisha. Akilikosa lake, angekula jikoni kwa watu, na mwanamke mwenye ulimi kama ule akila jikoni kwa watu hana budi kuufunga. Hilo ndilo lililomtisha kuliko njaa.

Husseini alimletea habari mbio mpaka uani.

"Bi Mwanamkisi, wamefika Kiwayu. Siku tano watakuwa hapa. Lifyeke lile konde, ulitie moto, upande chochote kile."

"Nilifyeke na nani, na ndevu zako?" Hakuinua hata uso. "Konde halikuimbiwa, nilitie moto? Na limelala miaka mitano tu. Nikiliamsha sasa litanipa mtama mwaka mmoya, kisha litanipa mtanga usioota kitu. Nitakuwa na karatasi ya mtanga."

"Basi tafuta mashahidi. Karani asema wanaume wawili, wasiwe jamaa zako, walioliona kwa mato yao konde likiwa na mazao yako."

Hapo ndipo Mwanamkisi alipoanza kuhesabu wanaume wa Mkokoni, na kila aliyemfikia alikumbuka ubeti wake. Jirani wa upande wa juu wa konde alikuwa amekufa. Wa upande wa chini alikuwa amehamia Matondoni kutengeneza vyombo vya baharini, na aliondoka akisema huko angalau hakuna vave. Mwalimu wa chuo alisema kwa upole mwingi kwamba kumbukumbu zake si nzuri, kama wimbo unavyoeleza. Wengine walijibu kuwa konde hilo wanalijua kwa kulisikia tu.

Alikubali mmoja, Gharib, mchimba visima, ambaye ndiye aliyechimba lile shimo la nguruwe. Alikubali palepale, wala si kwa wema. Alitaka kumwona Wazir akitajiwa shimo mbele ya Mzungu.

Maana shahidi wa pili hakuweza kuwa mwingine. Katika kijiji kizima alikuwepo mwanamume mmoja tu ambaye kila mtu alijua kwamba aliingia ndani ya konde la Mwanamkisi mtama ukiwa umesimama. Wanawake waliutwangia mtama wimbo wake.

Alimkuta akiziba ua wa miiba kwenye konde lake, mguu mbaya ameunyoosha pembeni.

"Wazir."

"Bi Mwanamkisi. Karibu. Umekuya kuutazama mguu?"

"Nataka shahidi," alisema, na maneno yalimtoka kwa tabu kama mwiba wa samaki. "Wewe umeliona konde langu lina mtama."

"Nimeliona kwa karibu mno."

"Utasema?"

"Nitasema."

Alingoja amtajie sharti. Wazir alichukua tawi jingine la miiba, akalitia pengoni, akalishindilia kwa mpini wa shoka.

"Hutaki nikutake radhi?" aliuliza Mwanamkisi.

"Wataka kunitaka radhi?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Sitaki," alisema.

"Basi tusipotezeane wakati. Nipa tawi hilo."

Alimpa. Akarudi nyumbani amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani.

Siku ya tano kijiji kizima kilihamia mikwajuni, kando ya lile konde. Hapakuwa na aliyeitwa ila mashahidi wawili, lakini hapakuwa na aliyebaki nyumbani ila wagonjwa, na mmoja wao naye aliletwa kwa kitanda. Mzungu aliketi kwenye kiti cha kukunja mbele ya meza ya kukunja, amevaa soksi mpaka magotini. Kando yake alisimama Mahmud, karani, mwana wa ukoo mkubwa wa Amu, kanzu yake imeshanasa miiba mahali saba. Kwa Mahmud shamba lilikuwa minazi. Alizaliwa akiiona ng'ambo ya maji, ikipaliliwa na watu wa babake, na tangu watu wale waachwe huru na kwenda zao alikuwa hajaiona tena kwa karibu.

"Hili ndilo konde?" aliuliza.

"Ndilo," alisema Mwanamkisi.

"Naona msitu, Bi."

"Watazama lililolala. Tazama vile visiki, vyote vimekatwa gotini. Msitu haukati miti yake wenyewe. Na ile mitongotongo imepangana, ulikuwa ua wangu, umeota. Ule pale ni mpamba, nalipanda mimi, sasa umekuwa mwitu."

Mahmud alifasiri. Mzungu alikitazama kichaka kama mtu aliyepakuliwa chakula ambacho hakukiagiza, akasema neno moja. Mahmud alifasiri tena: mwitu.

Gharib aliitwa. Alisema alichimba shimo humu ndani, kwa amri ya mama huyu, mchana wa siku moja mtama ukiiva, kwa sababu nguruwe walikuwa wakimmaliza. Lilikuwa na kina cha kifua. Aliongeza, bila kuulizwa, kwamba shimo lilikuwa zuri na lilimkamata mtu usiku uleule.

Wazir aliitwa, akaja akichechemea, na watu wakaanza kusogea mbele.

"Konde halina alama wala hati," Mahmud alimwambia. "Nitayuaje kuwa hapa ndipo uliposimama?"

"Hakusimama," alisema mtu nyuma, na watu wakacheka.

"Kuna ubeti wake," alisema Husseini. "Umetaja konde, umetaja mikwaju, umetaja kisima. Uko tangu mwaka ule."

Mahmud alimtazama Wazir. Wazir alikohoa kidogo, akaitazama mikwaju, kisha akauimba. Aliuimba vizuri. Hakuukwepa mahali popote. Pale kwenye salamu ya shimo alivuta sauti kama inavyovutwa, na kijiji kizima kikaitikia kwa sababu hakingeweza kujizuia. Mzungu aliuliza hiyo ni nini. Mahmud, ambaye midomo ilikuwa ikimcheza, alisema ni ushahidi.

Wakaenda wakatafuta kati ya mikwaju na kisima cha zamani, na hatua arobaini ndani ya vichaka wakalikuta shimo, nusu limejaa majani. Uso wa Mzungu ulikunjuka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hatimaye amepata kitu kinachopimika. Alilipima urefu, akalipima upana, akaandika, na Mwanamkisi alianza kupumua.

Lakini Mahmud alikuwa amesoma, na aliyesoma hakosi neno. Alirudi mezani akasimama akitikisa kalamu.

"Ubeti wasema alikwendea mtama," alisema. "Basi mtu huyu ni mwizi. Na mwizi ushahidi wake haupokewi, si kwa kadhi, si kwangu."

Mwanamkisi aliona konde lake likiondoka mbele ya macho yake, na lililokuwa likilibeba lilikuwa neno lake mwenyewe, alilolitafuta kwa vina, akalifurahia.

"Bwana, ule ni wimbo," alisema. "Katika wimbo mtu hutia tumvi."

"Kama mtama ni tumvi, na konde pia ni tumvi. Siwezi kuamini nusu ya ubeti, Bi. Ama wote ni kweli na yeye ni mwizi, ama si kweli na huna shahidi."

Mwanamkisi alifungua kinywa amjibu, lakini Wazir alimtangulia.

"Nusu yake ni kweli," alisema Wazir. "Sikwendea mtama. Nalikwenda kulinda."

"Kulinda konde la nani?"

"La huyu mama. Amini, mumewe, alikuwa haoni usiku. Mtana alikuwa mzima kama wewe. Yua likitwa, alikuwa hauoni hata mkono wake. Akaona haya. Mwanamume gani wa kupanda dunguni kulinda nguuwe asiowaona? Akaniomba niwe nikiya yeye akisha kupanda, nikae tini na teo langu la mawe, niwapige. Mavuno mawili nilifanya hivyo. Nikamwapia sitamwambia mtu maadamu yu hai. Siku ile mama akachimbisha shimo, wala hakumwambia mumewe. Nami nikaya kwa ndia yangu ya kila siku."

Hakuna aliyecheka.

"Nani ayua haya?" aliuliza Mahmud, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Amini. Naye amekufa."

Basi Mwanamkisi aliikumbuka kamba. Aliisuka mwenyewe kwa makumbi, ndefu, kwa sababu Amini alimwomba, na Amini aliifunga kutoka mlango wa ua wa konde mpaka kwenye nguzo ya dungu, kile kichanja cha kulindia. Alipomuuliza ya nini, alisema ya kutikisia vifuu viwatishe nguruwe, wala hakuna siku aliyoona kifuu juu yake. Kumbe alikuwa akiifuata kwa mkono. Na samaki. Miaka yote ile, wakila baada ya magharibi, Amini alimwachia amtolee miiba, akisema amechoka, na yeye akaona ni uvivu akamtungia ubeti. Amini akaucheka, akenda akauimba, kama alivyoimba ule wa Wazir, huku akijua. Alimpenda mume yule, na pale mbele ya watu wote alitamani afufuke dakika moja amtukane.

"Mimi nayua," alisema. Aliieleza kamba. Alieleza samaki. Alipofika kwenye miiba sauti ilimkatika, na watu wakatazama chini, kwa kuwa hakuna aliyepata kuisikia sauti hiyo ikikatika na hawakujua watazame wapi.

Mahmud hakufasiri yote. Alimwambia Mzungu maneno machache, na Mzungu, ambaye shimo lilikuwa limekwisha kumridhisha, aliandika jina la Mwanamkisi binti Ridhwani, akapiga muhuri, akaomba maji ya kunywa.

Siku nane zilipita. Kabla ya vave Mwanamkisi alipika mikate ya kumimina, akakaanga na samaki, akavifunika kwa kawa, akaenda kwa Wazir. Alimkuta palepale kwenye ua wake wa miiba, kana kwamba pengo halizibiki.

"Nimekuya kukutaka radhi," alisema.

"Yeo wataka?"

"Sitaki. Lakini nimekuya."

Wazir aliicheka hiyo, akapokea chakula, akakaa chini kwa kuutanguliza mguu. Mwanamkisi aliutazama mguu, na safari hii hakuufikiria vina.

"Amini amekufa miaka mine," alisema. "Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza tena? Kila mtu alikuwa na jawabu lake. Na ubeti ulikuwa mzuri."

"Nitamwambia Husseini autoe."

"Usiutoe."

"Wasema uongo, Wazir. Wakuita mwizi."

"Karatasi ile italiwa na mtwa," alisema Wazir, akitafuna. "Mzungu yule atakwenda zake, atakuya mwingine na mnyororo mpya, na konde likilala tena ataliona msitu. Ubeti una yina lako, una mikwaju, una kisima. Ukiutoa, umeitoa hati. Na ukiugeuza sasa, watasema umetungwa yana. Wache waimbe vile vile."

Mwanamkisi alielewa kwamba kila mwaka, maadamu konde ni lake, lazima wimbo ule uimbwe, na mtu huyu aitwe mwizi, na kwamba anayempa ruhusa ni yeye mwenye kuitwa. Iliuma kuliko kama angelipwa kwa tusi.

"Na utaitikia?"

"Nitaitikia. Nina sauti, Bi, si kama wale wengine."

Aliporudi nyumbani alimkuta Husseini anamngoja, kama kila mwaka, kuuliza safari hii ni zamu ya nani. Alimwambia aketi. Alimsomea ubeti mpya mara moja, polepole, na kijana alipomaliza kusikia alishika kidevu chake kitupu.

"Huu siwezi kuuimba, Bi Mwanamkisi."

"Utauimba, na utauimba juu, mpaka mwalimu wa chuo ausikie."

Mwaka huo vave ilianza mapema, jua lingali juu ya mikoko, na Mwanamkisi aliisikiliza kutoka uani kwake, mikono imo ndani ya magamba ya samaki. Ulipofika ubeti wa shimo aliisikia sauti ya Wazir wazi kabisa, nzito, chini ya zote, ikiitikia. Kisha Husseini akapandisha:

*Mwenye kuona za watu, wa kwake hakumuona;*
*kamba kasuka mwenyewe, asiulize maana;*
*kipofu Mwanamkisi, si usiku, ni mtana.*

Kijiji kizima kikaitikia, na kilikuwa na deni la miaka mingi, kwa hiyo kiliitikia kwa nguvu. Mwanamkisi aliacha kuparua samaki. Alizichambua zile sauti moja moja, ya mwalimu, ya Gharib, za wana wa shemeji yake, akaitafuta ile nzito ya chini, na haikuwamo.